Kabla ya Kufika Dirisha la Malipo

Ukipiga *147#, ukajibu maswali mpaka ujumbe ukaingia kwamba umesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile tunayoiita sote SHA, umefanya jambo la maana. Lakini bado huna bima ya kulazwa. Kusajiliwa na kulipa ni mambo mawili mbalimbali, na katikati yake ndipo wengi wenye kipato kidogo wanapokwama.

Hapo ndipo alipokwama shangazi yangu. Anauza viazi karai Kisauni, na alijisajili mapema, hata akawa anawahimiza majirani. Usiku mmoja akashikwa na kidole tumbo, tukamkimbiza hospitali. Alipasuliwa, maana hali yake haikuwa ya kungoja. Asubuhi karani akaangalia kompyuta, akamwambia kwa upole: "Mama, jina lako lipo, lakini hujalipa." Siku mbili zilizofuata zilipita katika kuchanga: kundi la familia, chama chake cha akina mama, msikitini, marafiki wa binamu zangu. Pesa zilipatikana, na ukizihesabu zingemlipia bima miaka kadhaa.

Naandika kwa ajili ya mtu kama yeye: mama mboga, kijana wa bodaboda, mvuvi, fundi wa mkono, msichana wa kazi za nyumbani, mzee aliyebaki na wajukuu. Mambo ninayoyaeleza ni ya Kenya, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF iliyokuwapo tangu 1966.

Anza kwa kuelewa pesa zinatoka wapi, kwa sababu chanzo hicho ndicho kinachoamua utibiwe wapi. Sheria ya mwaka 2023 iliunda hazina tatu. Ya kwanza ni ya afya ya msingi, na hujazwa na serikali kutokana na kodi. Hii ndiyo inayolipia matibabu katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Ili uitumie unatakiwa kusajiliwa tu, bila kulipa hata senti. Ya pili ni hazina ya bima yenyewe, inayojazwa na michango yetu. Hiyo ndiyo inayolipa unapolazwa, unapofanyiwa upasuaji, unapojifungua au kusafishwa figo katika hospitali kubwa. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu na mahututi, na husaidia pale bima inapofika ukomo wake.

Kwa hiyo mtoto akiwa na homa, kikohozi au tumbo la kuendesha, usikimbilie hospitali ya kaunti. Nenda zahanati iliyo karibu nawe. Huko, ukiwa umesajiliwa, hutozwi. Sitakuficha kwamba mara nyingine utakuta dawa zimekwisha, ukapewa karatasi ukanunue nje. Hata hivyo umeokoa pesa za kumwona daktari na za vipimo, na ugonjwa ukizidi, karatasi ya rufaa ya zahanati ndiyo itakayokufanya upokewe vizuri hospitali kubwa.

Sasa tuje kwenye usajili, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo maskini wengi wanapofungiwa nje bila kujua.

Usajili ni bure. Unaweza kuufanya kwa simu ya kawaida, hata ile ya batani, kupitia *147#. Unaweza kwenda Huduma Centre, au kumwomba mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka mtaani kwenu. Wahudumu hao, karibu laki moja nchi nzima, walipewa vifaa vya kazi mwaka 2023, na kuwasajili watu ni sehemu ya kazi yao. Mtu akikutoza ada ya kukusajili, huyo ni tapeli, hata akiwa amevaa fulana yenye nembo.

Kinachotakiwa kwanza ni kitambulisho, au kipande kama tunavyokiita Pwani. Bila kipande hakuna mlango unaofunguka. Ninajua nyumba ambazo wazee wake wameishi hapa miaka hamsini bila karatasi yoyote. Wamakonde wa Kwale walitambuliwa kuwa raia mwaka 2016 baada ya kutembea kwa miguu hadi Nairobi kudai haki yao. Wapemba wa Pwani walitambuliwa mwaka 2023. Ikiwa wewe ni wa jamii hizo na bado huna kitambulisho, usiseme tena kwamba huna haki. Nenda kwa chifu na ofisi ya usajili wa watu. Hiyo ndiyo hatua yako ya kwanza ya bima ya afya, ingawa hakuna atakayeiita hivyo.

Kisha ongeza watu wa nyumbani. Bima hii ni ya kaya, mume, mke na watoto wanaowategemea, si ya mtu mmoja. Watu wengi hujisajili wenyewe wakasahau kuwaandikisha watoto, halafu mtoto akilazwa ndipo wanapoanza kutafuta hati ya kuzaliwa. Itafute leo. Kama mtoto alizaliwa nyumbani na hana hati, mzee wa mtaa na naibu wa chifu wanajua utaratibu wa kuandikisha waliochelewa. Mwana aliyekwisha kuwa mtu mzima na ana kipato chake hujisajili peke yake.

Ukimaliza, hakikisha. Piga tena namba ileile uone majina yote yapo, na yameandikwa kama yalivyo kwenye kipande na kwenye hati. Herufi moja iliyokosewa huweza kukuchelewesha saa nzima mbele ya dirisha, na mgonjwa yuko kwenye kiti cha magurudumu.

Baada ya usajili ndipo malipo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kila mwezi, lakini si chini ya shilingi 300. Ukilipwa 10,000 hesabu inakuja 275, kwa hiyo utakatwa 300. Ukilipwa 20,000 utakatwa 550, na hapo NHIF ilikuwa ikikata 750. Mwajiri anatakiwa awasilishe pesa hizo kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Hili linawahusu pia wanaofanya kazi za nyumbani, mabawabu na wahudumu wa mikahawa. Usiridhike kuona makato kwenye karatasi ya mshahara. Angalia kwenye simu yako kama yamefika, kila mwezi, kwa sababu mwajiri akikata bila kuwasilisha, utakayeaibika hospitalini ni wewe.

Asiye na mshahara hupimwa uwezo. SHA hukuuliza maswali kuhusu maisha yako: nyumba imeezekwa nini, sakafu ni ya nini, mnapata wapi maji, choo ni cha namna gani, mnapikia kuni, makaa au gesi, mko wangapi. Kutokana na majibu hayo hukisia kipato cha kaya, kisha huchukua asilimia 2.75 yake. Kiwango cha chini kabisa ni 3,600 kwa mwaka, chini kidogo ya shilingi kumi kwa siku kwa nyumba nzima.

Jibu maswali hayo kwa utulivu na kwa ukweli. Usimwachie mtoto wa shule akujibie kwa haraka barazani, wala usimwachie mtu wa kibanda cha simu akisie. Hesabu watu wote mnaokula chungu kimoja. Kasoro ya mfumo huu ni kwamba unapima vitu, haupimi siku ulizokosa kibarua. Mtu aliyepanga chumba chenye vigae Changamwe anaweza kuonekana ana uwezo, kumbe chumba hicho ndicho kinachommaliza. Ukipewa kiasi ambacho kwa haki kinakushinda, usikate tamaa na kuacha. Nenda ofisi ya SHA ya kaunti yako au Huduma Centre, useme umekadiriwa vibaya, uombe uangaliwe upya, na uandike jina la afisa aliyekuhudumia na tarehe.

Jambo jingine ambalo naliona si la haki, na nitaendelea kulisema: mwenye mshahara hulipa mwezi kwa mwezi, lakini muuza mchicha anatakiwa alipe mwaka mzima kwa mpigo. Mwenye shilingi ndogo anadaiwa shilingi nyingi kwa pamoja. Mwaka 2025 ulianzishwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaokuwezesha kulipa kidogo kidogo, kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi. Ujue kwamba huo ni mkopo: bima yako hulipwa, kisha wewe unarudisha. Uliza riba ni kiasi gani kabla ya kukubali. Kwa wengi bado ni nafuu kuliko kukaa bila bima.

Lakini kuna njia ya wenyewe kwa wenyewe ambayo naipenda zaidi. Chama cha akina mama kumi na wawili, kila mmoja akitoa 300 kwa mwezi, hupata 3,600 kila mwezi. Mwezi wa kwanza mnamlipia mmoja, wa pili mwingine, na mwaka ukiisha wote mna bima bila kukopa popote. Wanaokadiriwa zaidi hutoa zaidi. Anzeni na mja mzito na mwenye kisukari. Ni mzunguko uleule tuliozoea wa vyombo na mabati, umeelekezwa mahali pengine. Shangazi na wenzake wameuanza.

Malipo ya moja kwa moja hufanywa kwa M-Pesa, namba ya biashara 200222, na namba ya akaunti ni ile ya kitambulisho chako. Soma jina linalotokea kabla hujabonyeza namba ya siri. Uhifadhi ujumbe, na uuandike pia kwenye daftari, maana simu huibwa.

Je, unapata nini kwa pesa hiyo? Kwa mja mzito, bima humlipia 10,000 akijifungua kwa njia ya kawaida na 30,000 akijifungua kwa upasuaji. Kwa mgonjwa wa figo, kila anaposafishwa damu hulipiwa 10,650. Kulazwa hulipiwa kwa siku, kiasi kikitegemea ngazi ya hospitali. Saratani nayo imo, kwa kiwango maalumu kwa kaya kwa mwaka. Hospitali ya kibinafsi ikitoza zaidi ya viwango hivyo, kilichozidi huangukia mfuko wako. Kwa hiyo, kama hali ya mgonjwa inaruhusu, uliza maswali matatu kabla hajapandishwa kitandani: je, hospitali hii ina mkataba na SHA? Je, kuna pesa nitakayoongeza, na ni ngapi? Na je, huduma ninayoijia imo ndani ya mkataba huo? Mja mzito ayaulize maswali haya akiwa na miezi mitano, asingoje uchungu.

Hospitalini utathibitishwa kwa alama za vidole. Kidole chako ni sawa na sahihi yako kwenye hundi. Usikiweke kwenye mashine kwa ajili ya huduma ambayo hukupewa, wala usimkopeshe jirani asiyelipa, hata kwa huruma. Wizara ya Afya imefunga vituo vilivyokuwa vikidai pesa za wagonjwa hewa.

Na kama ugonjwa umekuja na hujalipa? Kwanza, jua haki yako. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ukifika unavuja damu, huna haja ya kuonyesha risiti kwanza. Hospitali inaweza kudai baadaye, lakini haiwezi kukuacha mlangoni. Kitaje kifungu hicho kwa sauti ya kawaida, bila matusi. Nimeona kinavyobadilisha mazungumzo.

Pili, hesabu haraka. Ikiwa kiwango chako cha mwaka ni 3,600 au 6,000 na upasuaji ni makumi ya maelfu, michango ya kwanza ya familia ipelekeni kwenye bima kabla ya kuipeleka dirishani, kisha muulize ofisi ya SHA iliyomo hospitalini jinsi bima hiyo inavyoweza kutumika kwa mgonjwa huyo. Watu wengi huchangisha laki nzima bila hata mmoja kuuliza swali hili.

Tatu, katika hospitali za umma kuna afisa wa ustawi wa jamii. Tafuta mlango wake siku ya kwanza, usingoje siku ya kuruhusiwa. Yeye ndiye anayepima hali ya familia na kupendekeza bili isamehewe yote au sehemu. Nenda na barua ya chifu inayoeleza hali yenu, nakala za vipande, na mtu mzima mmoja anayeweza kueleza bila kulia na bila kuongeza chumvi. Usiombe msamaha tu, pendekeza: tunaweza kulipa kiasi hiki leo, na hiki kila mwezi. Na kama hospitali itasema mgonjwa aliyepona hatoki mpaka bili imalizike, kumbuka kwamba mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua katika kesi ya kina mama waliozuiliwa baada ya kujifungua kwamba kumfungia mtu hospitalini kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zake. Deni hudaiwa kama deni, mtu hawekwi rehani.

Yako pia matibabu ambayo hayatakiwi kukugharimu katika vituo vya umma hata kidogo: dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, dawa za kifua kikuu, chanjo za watoto. Usikubali kuuziwa.

Sasa msaada mwingine wa serikali, maana afya haikai peke yake. Mpango wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa makundi matatu: wazee wa miaka 70 na zaidi wasiopokea pensheni, kaya zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu, na watu wenye ulemavu mkubwa wanaohitaji kutunzwa kila saa. Pesa hizo huchelewa na huja kwa malimbikizo, lakini zinakuja. Uandikishaji hufanywa kwa vipindi, na hutangazwa barazani kwa chifu. Ukiwa na nyanya mwenye miaka 71 ambaye hajaandikwa, wewe ndiye masikio yake: hudhuria baraza, mpelekee chifu nakala ya kipande chake, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti ndogo. Akishindwa kutembea, mlezi anaweza kuandikishwa apokee kwa niaba yake. Chifu akiita watu kwa uhakiki, mfikishe, maana jina la asiyeonekana husimamishwa.

Mwenye ulemavu ajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hupimwa kwanza na madaktari wa hospitali ya umma iliyoidhinishwa, kisha hupewa kadi. Kadi hiyo ndiyo inayofungua vifaa vya kusaidia mwili, misaada ya elimu na nafuu ya kodi. Katika kaunti kame za kaskazini, Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, upo pia mpango wa fedha za kukabiliana na njaa.

Na kuhusu wasioweza kulipa bima kabisa, mwaka 2025 serikali ilitangaza kwamba itawalipia SHA watu milioni 2.2 wasiojiweza. Hao hutokana na orodha za kaya maskini, na orodha hizo hutokana na majibu yaleyale ya kupimwa uwezo na taarifa za wahudumu wa mtaani. Asiyejisajili hayumo kwenye orodha yoyote. Ndiyo maana namwambia hata asiye na shilingi moja: jisajili, jibu maswali ya uwezo mpaka mwisho, kisha uulize kama jina lako limo kwenye kaya zinazofadhiliwa. Fukara aliyejificha kwa aibu, mfumo haumwoni.

Mambo haya hubadilika, viwango na taratibu zake. Unachosikia kwenye matatu, hata unachosoma hapa, kihakikishe kwa *147# au Huduma Centre kabla ya kutoa pesa.

Leo jioni tafuta bahasha moja. Tia nakala za vipande, hati za kuzaliwa za watoto, kadi za kliniki, risiti za malipo, na karatasi yenye namba za simu za mhudumu wa afya wa mtaa na za chifu. Mwonyeshe mtu mmoja nyumbani ilipo, kwa sababu anayeugua huenda akawa wewe. Kisha vuka ua uende kwa yule jirani mzee anayeishi na wajukuu. Kaa naye, mshikie simu, mpigie *147#, na usiondoke mpaka ujumbe umeingia.